Panzi wa Mwanahawa, Kobe wa Rubeni

Siku ya gulio pale Soni, miaka ile, hukuweza kununua hata fungu la karoti bila kuulizwa uko upande gani. Upande wa Kobe au upande wa Panzi? Ukisema huna upande, muuza karoti anakutazama kana kwamba umekuja msibani kucheka. Hayo yalikuwa magari mawili tu, ya watu wawili, yenye viti viwili viwili, katika milima ambayo mtu aliweza kumaliza wiki nzima asione gari jingine ila la misheni au lori la mbao. Kwa nini basi usiwe na upande?

Panzi alikuwa wa Mwanahawa. Na usije ukadhani lilikuwa gari la mumewe, au la kaka yake, au la kuazima. Lake! Lilikuwa la kijani, pua ndefu, magurudumu ya spoki kama ya baiskeli, na paa la turubai lililokwisha kuoza tangu kabla ya uhuru, kwa hiyo mvua ikinyesha dereva ananyeshewa na anaendelea. Huko Uingereza lilikotoka lilikuwa gari la michezo, la vijana kufukuzana na upepo siku ya Jumapili. Waliolitengeneza waliliita Emji. Wanawake wa Soni wakaliita Panzi, na jina likashika.

Alilipataje? Kwa kulifanyia kazi. Mwanahawa alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kiingereza aliyelima plamu na pea kule Magamba. Macho ya yule bibi yalianza kufifia, naye alikuwa hakosi kanisa. Akaona heri amfundishe mpishi wake kuendesha kuliko kuomba msaada kwa majirani asiowapenda. Basi ikawa kila Jumapili Mwislamu anampeleka Mkristo kanisani Lushoto, anamngoja nje huku akifuta vioo. Uhuru ulipokuja na bibi akafunga mizigo yake, aliandikisha kadi ya gari kwa jina la Mwanahawa, akampa ufunguo, akalia kidogo, akaenda zake kwao.

Mume wa Mwanahawa, Issa, alikaa siku chache akilitazama lile gari uani. Kisha akamwambia mkewe achague: mimi au hilo. Jamani, swali gani hilo la kumwuliza Mwanahawa? Issa akaondoka na mbuzi wake, akaoa huko Mnazi, chini tambarare, na kusema kweli aliishi vizuri tu. Mwanahawa akabaki na binti yao Amina, na gari.

Akaling'oa turubai lililobaki, akamwambia fundi wa chuma amtengenezee kichanja nyuma, na kuanzia hapo kabichi, pea na viazi vya wanawake wa Soni vikawa vinashuka Mombo kwenye treni vikiwa vibichi. Zamani mama alishuka na tenga kichwani, akifika chini jua limekwisha kumnyong'onyesha yeye na kabichi zake. Sasa alikuwa anampa Mwanahawa mzigo, anarudi shambani. Jioni gari linapanda na chumvi, mafuta ya taa na sabuni. Kama kuna mzazi amezidiwa, anapakiwa yeye kwanza na chumvi inangoja.

Kobe, yeye, alikuwa wa Rubeni. Rubeni alikuwa mtu mzima, Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, na zamani alikuwa dereva wa Mjerumani mmoja mwenye shamba la kahawa. Mjerumani alipoondoka alimwachia Poshe yake, gari la kijivu, la mviringo, mgongo umeinuka hasa kama kobe. Usukani ulikuwa kushoto, injini ilikuwa nyuma, na Rubeni alilipenda kuliko alivyopaswa kukipenda kitu chochote cha dunia hii. Kila Jumamosi alilisugua mpaka mkewe Klara akasema, "Siku moja ungenisugua hata mimi mgongo."

Basi siku za gulio hao wawili walikuwa wanakutana, na watu wanaacha biashara waje kusikiliza.

"Mama Amina," Rubeni anaanza, "leo umemnywesha vibuyu vingapi huyo mtoto wako?"

"Na wewe kaka Rubeni, injini umeiona leo, au bado unaitafuta huko nyuma?"

"Cheka tu. Mjerumani akitengeneza kitu amekimaliza. Unawasha, unakwenda. Mimi sina rejeta, sina mpira wa maji, napozwa na upepo wa Mungu. Natoka Mombo mpaka Lushoto sijasimama hata kukohoa. Mwingereza amekuuzia kazi, hakukuuzia gari!"

"Gari lako lina tabia za yule bwana wako," Mwanahawa anamjibu, mikono kiunoni. "Limefungwa kila mahali, halizungumzi na mtu mpaka siku litakapokufa. La kwangu likiumwa linaniambia. Na kwenye kona, kaka, pua yangu inaingia kwanza na mimi nafuata. Wewe kona ikikaza, makalio yanataka kutangulia! Nani asiyekuona juzi pale juu ya maporomoko umeshika usukani na macho umeyafumba?"

"Sikuyafumba!"

"Uliyafumba, mghoshi, mwanamume mzima. Ulikuwa unasali."

Gulio zima linavunjika mbavu. Na hapo Rubeni, akishindwa, alikuwa na neno moja la kumalizia: "Hata hivyo, gari ni kazi ya mwanamume." Mwanahawa alikuwa anacheka na wenzake, lakini neno lile lilimchoma kila mara, na kila mara alishuka Mombo kwa kasi zaidi ya inayostahili.

Ukweli ni kwamba Rubeni alisema kweli kuhusu maji. Jiwe la barabara ya Mombo liliwahi kumtoboa Panzi rejeta, Mwanahawa akaziba kwa sabuni ya mche, na tangu hapo kila akipanda mlima alikuwa anachemsha. Maji yako mengi milimani, lakini huchoti unavyotaka. Yanapita katika mifereji iliyochimbwa na mababu, na mfereji una miiko yake. Chombo chenye masizi hakitiwi humo, wala chenye mafuta. Ukichovya debe lililowahi kuwa na petroli, wazee wa mfereji wanakutoza mbuzi, na mkondo ukipungua mwaka ule, jina lako litatajwa mpaka kwa wajukuu. Maji yanachotwa kwa kibuyu safi, na kibuyu ni mali ya mwanamke. Humwoni mwanamume amebeba kibuyu barabarani. Na Mwanahawa mwenyewe, mikono yake ikiwa imejaa grisi, hakugusa mfereji hata siku moja. Alikuwa anapiga honi akiwa bado konani, wanawake wanaacha majembe, wanachota, wanammiminia, wanataniana kidogo, anapanda mpaka mfereji unaofuata. Hivyo ndivyo gari la Kiingereza lilivyokuwa linafika Lushoto.

Mwaka wa kuhamia vijijini ndipo alipokuja Katibu Kata mpya, Ndugu Timotheo. Kijana, suti ya Kaunda iliyonyooshwa vizuri, mkoba wa ngozi. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Alikuwa anaamini anachokisema, na mtu wa namna hiyo ukimpa mamlaka atakupanga kama vitabu kabatini. Alitangaza mkutano kwenye uwanja wa shule, na habari ikatangulia: Katibu anataka magari.

Mwanahawa hakupata usingizi wala hamu ya chakula. Alijua kabisa kilicho mbele yake. Wakimchukua Panzi, yeye atakuwa mpishi tena, na mpishi asiye na wa kumpikia. Wanawake watarudi kubeba matenga. Yeye ataketi uani aambiwe na kila apitaye kwamba ungemshika Issa mkono ungekuwa na mume. Aliogopa, nisikufiche. Lakini alipofika uwanjani alikuwa amejifunga kanga imara na ameketi mstari wa kwanza.

"Ndugu wananchi," Katibu akasema, "magari haya mawili ni masalia ya mabwana. Kijiji cha ujamaa hakiwezi kuwa na watu wawili wanaostarehe peke yao. Gari moja litakuwa la kijiji. La pili litatolewa injini, ikaendeshe mashine ya kusaga Mnazi. Wenzetu waliohamishiwa kule, kina mama wanatwanga mpaka mikono inatoka malengelenge. Sasa semeni ninyi, lipi libaki?"

Rubeni akasimama, kofia mkononi. Akamsifia Kobe kama mtu anayemsifia binti siku ya posa: hachemshi, halali njiani, hana makelele. Wanaume wakapiga makofi. Mwanahawa akaona limekwisha, na hasira ikampanda mpaka kisogoni.

"Naomba nafasi!" Akasimama bila kupewa. "Kaka Rubeni, huyo Kobe wako ana paa la chuma juu. Mgonjwa utamlaza wapi? Kabichi utaziweka wapi, mapajani? Mbele kwenye boneti panaingia kikapu kimoja, na nyuma kuna injini inachoma. Mimi sina paa, napakia mpaka juu ya kichwa changu, nyie wenyewe mmeona. Ni kweli yeye hanywi maji. Hongera! Sasa Mnazi kuna maji? Mnazi ni vumbi tupu! Injini yangu ukiipeleka kule itakufa kiu kabla ya debe la kwanza la mahindi. Ya kwake inapozwa na upepo, na upepo Mnazi haukosekani. Kama mnataka mashine, mashine ndiyo ile!"

Uwanja ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Katibu akatabasamu, akasema maneno ya Ndugu Mwanahawa yana mantiki. Mwanahawa akageuka kumtazama Rubeni kwa ushindi, na akakuta uso wa mtu aliyefiwa. Hapo ndipo alipoelewa alichokisema. Furaha ikamtoka, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

"Basi Panzi atabaki, awe wa kijiji," Katibu akamalizia. "Na dereva, kwa kuwa gari la umma linahitaji mwanamume mwenye uzoefu, atakuwa Ndugu Rubeni."

Loo! Mwanahawa alidhani hakusikia vizuri.

"Dereva nani?"

"Ndugu Rubeni."

"Mimi nimekaa nyuma ya usukani ule tangu wewe hujaanza shule!"

"Ndugu Mwanahawa, kaa chini."

"Sikai! Gari mmesema ni la kijiji, sawa. Mimi si wa kijiji? Hawa waliopiga vigelegele si wa kijiji? Kaka Rubeni, sema basi! Unanijua."

Rubeni akaangalia kofia yake. Watu walikwisha kuwekwa ndani kwa kusema machache kuliko hayo, na mzee mmoja akamvuta Mwanahawa kanga aketi. Akaivuta kanga yake mkononi mwa mzee, akaenda mbele, akauweka ufunguo mezani kwa kishindo.

"Ufunguo huo," akasema. "Barabara je, nayo mtaniagiza nitoe?"

Wiki ile ile wakamtoa Kobe injini, ikashushwa Mnazi. Mabati yakabaki uani kwa Rubeni, juu ya mawe. Na Rubeni akapanda Panzi.

Kushuka, hakuna shida. Kabichi zilifika Mombo. Jioni akaanza kupanda, na kwenye mfereji wa kwanza mshale wa joto ukapanda naye. Akapiga honi. Wanawake walikuwapo shambani, wakainua vichwa, wakamsalimu vizuri sana, wakainama kuendelea kulima.

"Mama, nisaidieni maji."

"Aa, baba, kibuyu changu kimepasuka."

"Na wewe, mwanangu?"

"Changu nimetia mbegu za maboga."

"Na wewe?"

"Mimi nimekiazima, siwezi kukitoa bila ruhusa."

Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyecheka. Rubeni akaketi barabarani mpaka gari likapoa lenyewe, akasogea kona mbili, likachemsha tena. Alifika Soni kesho yake. Safari iliyofuata akabeba madebe ya maji kutoka Mombo, lakini madebe yakachukua nafasi ya chumvi na mafuta ya taa, na bado yaliisha njiani. Akamwomba Klara, mke wake wa ndoa ya kanisani, ampe kibuyu. Klara akasema amekitundika jikoni juu kabisa, mgongo unamuuma, hawezi kukiangua.

Usidhani wanawake hawakuumia. Walikula maharage bila chumvi. Walilala mapema kwa kukosa taa, na kabichi zikaanza kuwa za njano kwa kungoja gari lililolala njiani. Halima, jirani wa Mwanahawa aliyelima kando ya mfereji wa mwisho kabla ya kuiacha Soni, alimjia akiwa na wasiwasi.

"Mwana, watu wanasema tunahujumu."

"Mimi nimekuambia usitoe maji?"

"Hujaniambia."

"Basi fanya unavyoona."

"Nikimpa, nitakutazamaje usoni?" Halima akasema, akarudi shambani kwake.

Ikawa hivyo mpaka siku wageni wa mkoa walipokuja Lushoto. Ndugu Timotheo alitakiwa huko kusoma taarifa ya kata, na akaona ni vizuri afike na gari la kijiji, watu walione. Walitoka Mombo alfajiri, walikolala baada ya kushusha kabichi, yeye na Rubeni, na madebe ya maji nyuma. Kufika mfereji wa Halima madebe yote yamekauka, mvuke unatoka kwenye boneti, na jua liko juu. Kando ya mfereji walikuwa wamesimama Halima na wenzake, kila mmoja na kibuyu kimejaa hadi mdomoni.

"Leteni maji!" Katibu akaamuru.

Hakuna aliyesogea.

"Mnanisikia? Hii ni kazi ya serikali!"

"Tunakusikia, baba," Halima akasema kwa adabu zote. "Haya ni ya kumwagilia mchicha."

Katibu akachukua debe, akapiga hatua kuelekea mferejini. Debe la petroli! Rubeni akamshika mkono. "Hapana, Ndugu Katibu. Hilo hapana. Mimi naishi hapa." Na hapo, akishuka kutoka shambani kwake na jembe begani, miguu ina matope, akatokea Mwanahawa.

Katibu akamwangalia, akaangalia saa yake. "Shikamoo, mama," akasema. Tangu afike katika kata ile alikuwa hajamwamkia.

"Marahaba."

"Mama, waambie wanipe maji. Nimechelewa."

"Maji si yangu."

"Basi endesha wewe. Kwa leo tu."

"Kwa leo tu sitaki."

"Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka, mwanangu. Ulisema mbele ya watu kwamba sikifai. Watu ndio hawa."

Katibu akaangalia saa yake tena. Mvuke ukaendelea kulia. "Haya," akasema, "dereva wa kijiji ni Ndugu Mwanahawa. Tangu leo. Mmesikia wote."

Mwanahawa hakumshukuru. Akamgeukia Rubeni. "Na wewe, kaka?"

Rubeni alikuwa amesimama mkono juu ya mlango wa gari, macho mekundu. "Sikulitaka gari lako, Mama Amina. Wameniachia mabati. Kila asubuhi nikitoka nje nayaona, kuku wametaga ndani. Waliponiambia nishike usukani ningeshika hata wa trekta."

"Mdomo wangu ndio uliompeleka Kobe Mnazi," Mwanahawa akasema. "Najua, na linaniuma, nisikudanganye. Lakini waliposema mwanamke hafai wewe ulikuwapo, na ulijua ni uongo, ukatazama kofia. Miaka yote ile ya utani, kaka! Sema sasa na wasikie. Nafaa au sifai?"

"Unafaa." Akageuka kwa Katibu na kupaza sauti. "Anaendesha kuliko mimi. Barabara hii angeipanda macho amefumba."

Hapo vibuyu vikasogea vyote kwa pamoja. Rejeta ikanywa, ikatoa povu la sabuni, ikatulia. Mwanahawa akanawa miguu, akaketi, akarekebisha kiti ambacho Rubeni alikisogeza nyuma, akawasha. Katibu akachukua mkoba wake na kuzunguka kwenda mlango wa pili.

"Gari hili, Ndugu Katibu, lina viti viwili," Mwanahawa akamwambia. "Hiki changu. Kaka Rubeni, panda hapo."

"Na mimi?"

"Wewe bado kijana."

Rubeni akasita, akamtazama Katibu, akamtazama Mwanahawa, akapanda. Panzi akaingia gia ya kwanza na kuikata kona, pua mbele, na honi ikasikika mara mbili kutoka juu.

Ndugu Timotheo akabaki barabarani na taarifa ya kata katika mkoba, suti imejaa vumbi. Halima akamsogelea, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Mwenye kiu hanyimwi maji milimani. Akanywa chote, akajifuta mdomo, akauliza kwa mguu Lushoto ni mwendo gani.

"Si mbali, baba," Halima akasema. "Sisi tulikuwa tunakwenda na matenga kichwani."